Kiwanja kinatuama maji kila masika: nijenge nyumba ya vipande juu ya nguzo, niweke kontena au nijaze kifusi?

Boko_Mnyonge:

Wakuu habari za majukumu. Naomba ushauri wa wajuzi na wa wenye uzoefu, hata wa kejeli nitaupokea maana huku kwetu tushazoea kuchekwa.

Tunakaa Basihaya huku Boko, Dar. Kiwanja tumeachiwa na mzee, ishirini kwa ishirini na tano, kimepimwa na hati ipo, hatupo kingo za mto wala hatujavamia. Shida ni maji. Na maji yetu sio yale ya kuja kwa kishindo kama bonde la Msimbazi, yetu yanapanda polepole toka chini, unaamka asubuhi unakuta uani panang'aa, kesho yake yako barazani, afu yanakaa hapo hayana pa kwenda mpaka ardhi inywe au watu wachangishane pampu. Masika ya 2024 ndo ilikua balaa, nyumba ya mzee ya tofali ina mstari wa tope ukutani mpaka leo, nimepima na tepu ni sentimita 95 toka usawa wa ardhi ya nje. Plasta imetoka yote, milango imevimba, na choo ndo usiseme.

Sasa nataka kuacha kupiga viraka nijenge kitu kidogo kipya, vyumba viwili sebule jiko na choo, ila kiwe cha moduli, yaani vipande vinatengenezwa karakana vinaletwa saiti vinafungwa bolti. Nimeona mtandaoni watu wanafanya. Nimebaki na njia tatu kichwani: (a) fremu ya chuma juu ya nguzo, (b) kontena mbili za futi 20 niziweke juu ya matofali nizikate madirisha, (c) nijaze kifusi kiwanja kizima kama alivyofanya jirani yangu wa kulia, ambaye kwa kweli kwake sasa hivi pakavu ila maji yake yote yamehamia kwangu na kwa mama wa nyuma.

Bajeti haizidi milioni 30 na naweza kwenda kwa awamu. Ninakaa na mama, ana shida ya magoti. Tafadhali msiniambie niuze. Nawasilisha.

---

Kiazi_Ulaya:

Uza.

---

mtaa_wa_pili:

^^ Sasa wewe umesoma mpaka mwisho kweli? Tusubiri wajuzi, nimekaa paleee na kahawa yangu.

---

FundiVyuma_Tegeta:

Mleta mada nianze na hiyo (b) maana ndo inaua watu pesa. Mimi nakata na kuchomelea kontena, kibanda cha chipsi, ofisi ya saiti, stoo, kazi hizo nazijua, na bado nakwambia kwa kiwanja cha namna hiyo kontena likae chini ni hatari, na sababu sio kutu. Sababu ni kwamba LITAELEA. Watu wanaona chuma wanadhani ni kizito, piga hesabu. Kontena tupu la futi 20 lina kama tani 2.2, chini lina mita 6.06 kwa 2.44, yaani mita za mraba 14.8 hivi. Gawa hapo, maji yakifika sentimita 15 tu juu ya kitako chake tayari yanalibeba lote zima. Weka kitanda, friji, vigae na mbao za ndani lifike tani 4, utakua umesogeza mpaka sentimita 27. Wewe maji yako yanafika 95. Ukilipandisha juu ya matofali mawili matatu bila kulifunga, maji yanalinyanyua, yanalizungusha kidogo, afu yakipungua linakaa ambapo halikuwepo, moja limeegemea kwa mama wa nyuma na bomba za choo zimekatika. Kweli litavuja, milango na mashimo ya madirisha yataingiza maji na litazama, lakini kabla halijazama litakua limeshahama.

Kama umelipenda sana basi lipande juu ya nguzo na lifungwe kwenye nguzo kwa sahani za chuma na bolti kwenye zile kona zake nne, kona ndo zimetengenezwa kubeba mzigo, sio katikati. Ila hapo sasa unahitaji krini, na njia za Basihaya nazijua, krini ya kunyanyua kontena mpaka mita moja na nusu itapita wapi? Na joto lake Januari... mama mwenye magoti utamhamishia kwenye oveni.

(a) ndo njia. Ila usifanye maboksi mazima ya vyumba, fanya paneli, yaani vipande vya ukuta. Kenta inaingia kote, kirikuu inaingia kote. Paneli ya mita 1.2 kwa 2.4, fremu ya chuma chembamba, nje bodi ya simenti ndani bodi ya simenti za milimita 9, uzito unacheza kwenye kilo mia, watu wanne wanaibeba wanaongea huku wanacheka. Hamna krini hamna nini.

---

mama_wa_bondeni:

Nimesoma hapa nikasema ngoja niulize na mimi kwa mgongo wa mleta mada, samahani kaka yangu. Sisi tuko upande wa Kigogo, bonde la Msimbazi lenyewe, maji yetu ndo hayo unayosema ya kishindo. Tumeona mafuriko ya 2011, tumeona watu wamepelekwa Mabwepande nje ya mji wakapewa viwanja, na wapo waliorudi mjini kupanga kwa sababu riziki yao ni Kariakoo na nauli ya kutoka Mabwepande kila siku inakula mtaji wote. Sasa hivi mradi wa Bonde la Msimbazi wa mkopo wa Benki ya Dunia umepita, waliokuwa kwenye eneo la mradi wamelipwa wamebomoa, na nilichokiona kwa macho yangu ni hiki: mtu aliyejenga tofali ameondoka na bati, milango, madirisha na nondo zilizopinda. Tofali zote, simenti yote, miaka yote ya mchezo wa upatu, imebaki kifusi. Jirani yetu mmoja tu alikua na kibanda cha mbao na mabati cha kufungua, alikifungua asubuhi, jioni kiko Chanika kimesimama na taa inawaka.

Kwaiyo mimi ninachokipenda kwenye hizo nyumba za vipande sio kuzuia maji. Ni kwamba siku ikibidi unaondoka nayo. Mbona hilo hamlizungumzi? Na je sheria ya mita 60 inasemaje kwa nyumba isiyokua ya kudumu?

---

Wakili_wa_Mchongo:

@mama_wa_bondeni shikamoo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au wa ziwa kufanya shughuli za binadamu za kudumu, AU ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri utunzaji wa kingo hizo. Watu wanashika hilo neno la kwanza wanasema nyumba yangu ni ya bolti sio ya kudumu, nusu ya pili ya kifungu inawadaka. Choo peke yake kinatosha kukudaka. Kwaiyo ndani ya mita 60 nyumba ya vipande haikupi haki ya kukaa. Inachokupa ni kile ulichokisema mwenyewe, hasara ndogo siku ya kuondoka.

Mleta mada yeye ana hati na hayuko kingoni, ishu yake nyingine kabisa. Ila aombe kibali cha ujenzi, asidanganyike kwamba cha chuma hakihitaji kibali.

---

Mndengereko_OG:

Haya mambo nyie watu wa mjini mnayaona mapya. Sisi asili yetu Rufiji, wazee wakilima mpunga bondeni walikua na dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi, unalinda mpunga ndege na nguruwe wasile na mto ukijaa unabaki juu na familia yako na jiko lako na kuku, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo. Maji yalikua ni mbolea, mtu anayasubiri. Ilipokuja Operesheni Rufiji mwishoni mwa miaka ya 60 watu wakahamishiwa vijijini juu kwenye mwinuko, na watoto wao walipokuja Dar wamejenga chini kabisa na tofali kama vile maji hayapo.

Jambo moja la dungu watu hawalioni: chini hakuna kitu. Hakuna ukuta, hakuna stoo, maji yanapita. Mleta mada ukishanyanyua nyumba mita moja na nusu, nakuhakikishia ndani ya mwaka mmoja shangazi atataka kuweka genge chini, mdogo wako atataka banda la kuku wa kisasa, mwingine atazungushia mabati apangishe fundi cherehani. Ukikubali tu umekwisha, taka zote za mtaa zitanasa hapo na maji yatakua yanasukuma ukuta badala ya kupita.

NB: msije mkaenda kukata boriti za mikoko kwa ajili ya nguzo, mikoko yote ni msitu wa hifadhi, mtakamatwa.

---

Boko_Mnyonge:

Dah uzi umekua mtamu. @FundiVyuma_Tegeta hiyo hesabu ya kontena imenitoa jasho, (b) nimeifuta rasmi. @Mndengereko_OG shangazi unamjua wewe 😂 ameshaanza kuulizia.

Swali: kwa nini nisizuie tu maji? Kuna kampuni moja ilinipigia hesabu, ukuta wa zege kuzunguka nyumba, mlango wa kuzuia maji, dawa ya kupaka kuta, wakasema ndani kunabaki kavu. Na vipi zile nyumba zinazoelea za Uholanzi?

---

injinia_wa_zamu:

Habari mleta mada, mimi ni sivo injinia, nitaandika kirefu kidogo maana hapa ndo penyewe.

Kuzuia maji. Maji yaliyotulia nje ya ukuta huku ndani pakavu yanasukuma, na msukumo unakua kwa mraba wa kina. Nusu mita ya maji inasukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya kama kilo 125. Sentimita 95 zako ni kama kilo 450. Kina hakijafika mara mbili ila nguvu imekaribia mara nne. Ukuta wa chumba wa mita 4 unabeba karibu tani 1.8 upande mmoja na tofali zetu za inchi 6 zilizosimama tu hazijatengenezwa kwa kazi hiyo. Uingereza, ambako wameumia sana na mafuriko, mwongozo wao kwa nyumba za kawaida ni kwamba maji yakipita kama sentimita 60 ni bora uyaachie yaingie kuliko kupasua ukuta. Na kwako kuna la pili, maji yanatoka CHINI. Utaziba mlango yatakuja kwenye sakafu. Hiyo kampuni sijui ni nani na sitaki kujua, ila waulize sakafu wanaifanyaje uone watakavyobadilisha mada.

Za kuelea. Zile za Maasbommel huko Uholanzi zimekaa juu ya boksi la zege lenye uwazi, siku za kawaida zimetulia chini, maji yakija zinapanda zimeshikwa na nguzo ili zisitangetange, na bomba zake ni za kunyumbuka. Ni kitu kizuri. Sasa fikiria chini ya nyumba kama hiyo hapa kwetu baada ya miaka mitatu ya kiangazi na upepo: mifuko, chupa, matairi, mchanga ulioletwa na mvua ndogo ndogo. Maji yanapungua nyumba inataka kushuka, upande mmoja umekalia tairi. Nani atakua anasafisha chini kila mwaka? Lagos pale Makoko shule ya kuelea ya Kunlé Adeyemi iliyojengwa 2013 ilisifiwa dunia nzima, 2016 mvua kubwa ikaidondosha. Sio kwamba wazo halifai, ila kinachoelea kinataka matunzo ya kudumu kama chombo cha baharini, na sisi nyumba tukishamaliza kupaua tunasahau.

Unachotakiwa kukitazama zaidi ni Bangladesh, wale ndo wenzetu. Mbunifu Marina Tabassum ana nyumba inaitwa Khudi Bari, ya mianzi na viungo vya chuma, ghorofa mbili ndogo, inafunguka na kuhamishwa, kwa watu wanaokaa visiwa vya mchanga vinavyoliwa na mito. Maji yakija familia inapanda juu. Mwaka 2025 imepata tuzo ya Aga Khan ya usanifu. Angalia hapo jibu la @mama_wa_bondeni, wenzetu wameanza na hilo la kuondoka nayo. Kwa Kigogo mimi nisingeshauri hata nguzo, maji yenye mbio yanachimba mchanga kwenye nguzo, shimo linaweza kwenda chini mara moja na nusu mpaka mbili ya unene wa nguzo yenyewe, na juu yake kuna magogo yanakuja na mkondo.

Sasa kwako. Mstari wa tope 95, ongeza sentimita 55, sakafu iwe mita 1.5. Usijenge kwa mstari wa tope peke yake. Hewa ikipanda joto nyuzi moja inabeba mvuke kama asilimia 7 zaidi, maana yake mvua zile kubwa zinakua kubwa zaidi, na hapo hapo kila jirani anaweka paving na kujaza kifusi, kwaiyo hata mvua ya 2024 ikirudi ileile itakufikia juu kuliko mara ya kwanza.

Nguzo zipange mita 2.4 kwa 2.4. Nyumba ya mita 7.2 kwa 4.8 inataka nguzo 12. Nguzo ya katikati kwenye nyumba nyepesi kama hiyo inabeba kama tani mbili na nusu, sio nyingi, lakini ardhi iliyolowa wiki nzima haina nguvu ile unayoiona Agosti, kwaiyo kitako kiwe kipana, sentimita 80 kwa 80 nisingeshuka hapo, na vitako vifungwe kwa mkanda wa zege ili kimoja kisizame peke yake. Mtu achimbe shimo aone udongo kabla ya yote, ukikuta mfinyanzi mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, simama kwanza tuongee. Nguzo ziwe za zege mpaka juu ya usawa wa maji, chuma kianzie hapo. Zege la kufunika nondo liwe sentimita 5, huko upepo wa chumvi unafika, na mchanga wa baharini usiuguse hata kwa bure. Halafu mikingamo ya X kati ya nguzo angalau pande mbili, sio kwa ajili ya maji, kwa ajili ya upepo, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitusogelea na nyumba nyepesi iliyonyanyuliwa inataka kuruka. Bati lifungwe kwenye kenchi, kenchi kwenye ukuta, ukuta kwenye sakafu, sakafu kwenye nguzo. Mnyororo wote huo ni bolti, na mahali utakapobana pesa kwenye bolti ndo patakapoachia.

---

FundiVyuma_Tegeta:

Injinia umemaliza. Naongeza la karakana tu. Mabomba ya mraba (boksi profaili) watu wanayaacha wazi kwenye ncha, maji yanaingia yanakaa ndani, kutu inakula toka ndani we unapaka rangi nje kila mwaka unajisifu. Ziba ncha zote, afu toboa kitundu chini ili kama kuna unyevu utoke. Bolti chukua zilizopigwa galvanaizi, na usichomelee saiti pale ambapo tumeshakubaliana ni bolti! Mafundi wetu wakiona bolti haiingii vizuri wanapiga welding, imeisha, nyumba ya kufunguka imekua sio ya kufunguka tena. Nilikuta moja Bunju paneli zote zimechomelewa, mwenye nyumba anaita moduli.

Vipande vijaribiwe karakana kwanza. Funga nyumba nzima pale uwanjani, pima, andika namba kwa rangi kila kipande, fungua, peleka. Mashimo ya bolti yatobolewe kwa kiolezo kimoja cha bati nene, sio kila fundi na macho yake. Ikija siku ya kubadilisha paneli moja iliyooza unatengeneza nyingine kwa kiolezo kilekile inaingia.

---

mtaa_wa_pili:

Na ndani? Maana watu wanapenda jipsamu.

---

injinia_wa_zamu:

Jipsamu juu dari sawa, ukutani hapana, ikilowa mara moja ni uji. Hata kama sakafu iko mita 1.5 mi ningefanya mita moja ya chini ya ukuta iwe ya kitu kinachooshwa kwa mpira wa maji na kukauka. Nyaya za umeme zitoke darini zishuke, soketi ziwe usawa wa kifua, boksi la mita ya LUKU waombe liwekwe juu, na sakiti ya taa za nje na ya chini ijitegemee uweze kuizima bila kuzima friji.

Choo ndo muhimu kuliko vyote hivyo na nashangaa hakuna aliyekitaja vizuri. Maji yakipanda septiki inajaa maji ya ardhini, uchafu unarudi chooni kwako, na ile tabia ya kutapisha vyoo mvua ikinyesha inamaliza mtaa kwa kipindupindu. Watu wanakimbilia kufukia tanki la plastiki. Tanki la lita 5,000 likiwa tupu na limezungukwa na maji linavutwa juu kwa nguvu ya tani 5. Zege likiwa ndani ya maji linabaki na uzito wa tani 1.4 tu kwa kila mita ya ujazo, kwaiyo kulikandamiza hilo tanki unahitaji zege karibu mita za ujazo 3 na nusu juu yake. Nani anaweka hiyo? Ndo maana yanachomoka.

Ila wewe una bahati ambayo nyumba ya chini haina. Sakafu yako iko mita 1.5, choo kiko juu, kwaiyo tanki HALINA haja ya kwenda chini ya ardhi. Jenga tanki la zege juu ya ardhi, pembeni au chini ya choo, ukuta wake ufike mita 1.2 au 1.3, mfuniko uko juu ya mstari wa tope, uchafu bado unateremka wenyewe. Zege lote hilo lina uzito wa kutosha halinyanyuki. Shimo la kunyonya maji masika halifanyi kazi, ardhi imeshiba, kwaiyo weka vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye bomba linaloenda huko, ita gari la maji taka mwezi wa pili kabla ya masika ili uingie msimu na tanki tupu, na mtumie maji kwa adabu.

---

Kiazi_Ulaya:

Haya nimerudi, mi niliyesema uza. Hapo kwenye choo nimekubali. Ila nyie wote mnanyanyua nyumba moja mtaa mzima uko chini. Maji yakikaa wiki tatu mleta mada atakua yuko juu mkavu, dukani ataendaje? Gari la taka litaingiaje? Mnatengeneza kisiwa.

---

mama_wa_bondeni:

Mwanangu Kiazi leo umesema la maana. Huko Basihaya mtu mmoja akijaza kifusi wengine wanazama, sasa mkichimba mtaro mmoja wa mtaa mzima si mngekua mmesaidika wote? Mjumbe wenu anasemaje, serikali ya mtaa inasemaje?

---

Boko_Mnyonge:

Mama yangu mtaro ndo ugomvi wenyewe. Mtaro unatakiwa upite mahali, na mahali hapo pote pana ukuta wa mtu. Kikao cha mwisho watu nusura washikane mashati. Tunaendelea kuomba, ila masika hayasubiri kikao, mi nataka mama alale pakavu wakati tunagombana.

Kisiwa ni kweli @Kiazi_Ulaya. Ila kukaa kisiwani na choo kinachofanya kazi, umeme na chakula cha wiki mbili ni tofauti sana na kupanga chumba Tegeta kila mwaka na godoro kichwani, na ukirudi unakuta waliobaki wamebeba nyaya. Nitaomba ushauri wa maji ya kunywa pia maana kisima kinachafuka.

---

FundiVyuma_Tegeta:

Paa lako hilo hilo. Mita 7.2 kwa 4.8 ukiweka na baraza na bati linalotokeza nje ya kuta unafika mita za mraba 50. Mvua ya milimita 50 ni lita 2,500 zinadondoka bure siku moja. Tanki liweke juu ya jukwaa lake lenye nguzo zake, na liwe na maji wakati wa mafuriko, usiliache tupu, sababu ushaijua. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati, usiikinge. Ya kunywa chemsha.

---

Dada_Mbweni:

Nimesoma wote mmetaja nguzo bolti choo, hakuna hata mmoja aliyejibu kuhusu MAMA. Magoti. Mmempandisha mita moja na nusu. Hiyo ni ngazi tisa kama kila moja ni sentimita 17 hivi. Mama yangu mwenyewe ana magoti, ngazi tatu ni vita. Na akiwa juu hashuki, hashuki haendi kwa jirani, haendi msikitini, anakaa anaangalia ukuta. Nyumba nzuri kweli ila mmemfunga.

---

injinia_wa_zamu:

Dada umetupiga hapo na una haki.

Mteremko wa kumfaa mtu wa magoti au wa kiti cha magurudumu ni kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda. Mita 1.5 inataka mita 18 za mteremko. Kiwanja kina mita 25 upande mrefu, kwaiyo inaingia, ila ukiunyoosha moja kwa moja umekula upande mzima. Mi ningeuzungusha: mita 9 ubavuni mwa nyumba, kibaraza cha kupumzikia cha mita 1.5 kwa 1.5 kwenye kona, halafu mita 9 nyingine kurudi mpaka kwenye baraza ya mbele. Kibaraza hicho cha kona kiko sentimita 75 juu, weka benchi hapo na kivuli, mama akae aone watu wanaopita. Mteremko wenyewe nao uwe wa vipande, fremu za chuma za mita 3 na juu yake wavu wa chuma au mbao zilizoachiana nafasi, maji yapite katikati, usijenge ukuta wa tofali na kifusi ndani maana utakua umetengeneza bwawa mwenyewe. Mikono ya kushikia pande zote mbili. Ngazi ya kawaida iwepo pia kwa nyie wenye miguu.

Kwa milioni 30 sidhani utamaliza vyote kwa mkupuo kwaiyo anza na vitako na nguzo zote 12, tanki la choo, sakafu, na chumba cha mama na choo, hivyo viwili vifungwe kuta na bati. Sebule na chumba cha pili sakafu ipo inasubiri, paneli zitakuja zitafungwa hapo hapo hata mwakani. Hilo ndo unalipata kwenye vipande ambalo tofali halikupi, hujengi nusu nyumba ikanyeshewa. Na nyumba ya mzee usiibomoe bado, toa milango ya mbao na umeme, ibaki stoo ya vitu visivyooza.

---

Boko_Mnyonge:

Nimeprinti uzi mzima. Mama nimemsomea hapo kwenye benchi la kona amesema kama lina kivuli hana neno, ila anataka jiko liwe upande huo huo ili asikie nani anapita. Jumamosi nachimba shimo la kuangalia udongo, @injinia_wa_zamu nikikuta huo mfinyanzi mweusi nakufata PM.

---

Mndengereko_OG:

Na shangazi mwambie chini hapapangishwi.